Jinsi ya kubishana kuhusu petroli na umeme kwenye malwa bila kuchekwa

Mi mara ya kwanza nilichekwa vibaya sana. Ilikuwa jioni, tumezunguka chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi ya kunywa kwa mrija, hapa karibu na Busia upande wa Uganda, petroli imepanda tena na kila mtu analia, mi nikajiona msomi nikasema jamani tungekuwa na sola za kutosha nchi hii hatungekuwa tunalia na petroli. Kulikuwa na mzee mmoja dreva wa tanka, mtu wa Mombasa–Kampala miaka mingi, akatoa mrija mdomoni polepole akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sola utaimimina wapi kwenye pikipiki yako?"

Walicheka mpaka mama wa malwa aliyekuwa anaongeza maji ya moto akamwaga nje ya chungu. Na mbaya zaidi mzee alikuwa sawa kabisa.

Tangu siku hiyo nimebishana haya maneno mara nyingi, steji ya bodaboda, kwenye malwa, hata kwenye matanga, na nimeshindwa na nimeshinda, kwa hivyo naandika hapa vile mtu anafaa kujipanga kama anataka kuongea juu ya kuachana na mafuta na watu wamsikilize.

Kitu cha kwanza, kabla hujafungua mdomo, jua mnabishana juu ya nini. Watu wanachanganya mafuta, umeme na nishati kama ni kitu kimoja. Uganda stima yetu, yaani umeme, sehemu kubwa inatoka kwa maji ya Nile. Bwawa la kwanza pale Jinja, hili tunaita Nalubaale, lilifunguliwa 1954, baadaye ikaja Kiira, Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, alafu Karuma megawati 600 ikazinduliwa 2024. Sasa ukisema tujenge mtambo mwingine wa sola kama ule wa Soroti wa megawati 10 wa 2016 ndio tupunguze mafuta, umepotea njia, sababu sola ya Soroti inaongeza stima kwa waya, na kwa huo waya mafuta ya kupunguza yalikuwa kidogo sana. Ni kama kuongeza maji kwa mtungi ambao tayari una maji wakati kiu iko nyumba ya jirani. Sola si mbaya, mi mwenyewe ninayo moja juu ya bati, lakini lazima useme ile stima inaenda kufanya kazi gani ambayo leo inafanywa na mafuta.

Hapo ndio siri yote iko. Usibishane sola au mafuta. Uliza, mafuta gani, ya kazi gani?

Ukiuliza hivyo utaona hesabu inajipanga yenyewe. Petroli na dizeli huku kwetu zinafanya kazi za kuhesabika: pikipiki, teksi, malori, jenereta za maduka, mashine za kusaga posho kule vijijini ambako waya haujafika, na pampu za kumwagilia. Mafuta ya taa ndio yale ya tadooba, kile kitaa cha utambi. Kila kazi ina jibu lake tofauti na mtu anayeleta jibu moja la kazi zote huyo mwache, atajimaliza. Tadooba kwa mfano hiyo hata usipoteze muda, taa ndogo ya sola ilishaiua kwa nyumba nyingi, hakuna mtu mwenye akili atakubishia kwamba moshi wa tadooba puani ni kitu kizuri. Taja upite.

Na ujihadhari na watu wawili. Wa kwanza ni yule ataleta makaa. Atasema miti inaisha, wanawake wanavuta moshi, na yote ni kweli, Waganda wengi sana bado wanapika kwa kuni na makaa, lakini huo ni mjadala wa misitu na mapafu, si wa petroli, mwambie kwa upole tutaongea hiyo kesho. Wa pili ni yule atasema basi wote tupikie gesi tuachane na mafuta. Huyu mwache amalize vizuri, alafu muulize hiyo gesi ya mtungi inatoka wapi. Ni mafuta hayo hayo bana, inatoka kwa mambo ya petroli, na inakuja kwa meli vilevile. Utamuona anatafuta mrija wake.

Sasa fuata lita moja. Hii mi napenda kuifanya kwa vitendo. Huku mpakani unajua petroli inauzwa hata kando ya barabara kwa chupa za maji, imepangwa juu ya kibao, ikipigwa na jua la saa kumi inang'aa kama chai ya rangi. Sikwambii ununue ile, ni hatari na ni magendo, nakwambia iangalie. Alafu waambie watu waseme hiyo lita imepita wapi. Meli mpaka Mombasa, bomba mpaka Eldoret ama Kisumu, lori mpaka Malaba au hapa Busia, foleni, karatasi, alafu ndio ije kwa tangi lako. Kuanzia Julai 2024 wanaonunua ni shirika la mafuta la taifa, UNOC, kupitia Vitol, kampuni kubwa ya biashara ya mafuta, zamani ilikuwa inapita kwa kampuni za Kenya, lakini mnunuzi amebadilika, barabara ni ile ile.

Na hiyo barabara ishakatika tumeona kwa macho. Januari 2008 Kenya iliwaka baada ya uchaguzi, mafuta yakaadimika huku, watu wakapanga jerikeni. Januari 2022 madreva wa malori walikwama pale mpakani na mambo ya kupimwa korona, foleni ikawa kilomita na kilomita, Kampala lita ikafika shilingi 10,000 na sehemu zingine zaidi. Mara zote mbili hakuna kisima kilichokauka popote duniani. Mafuta yalikuwepo. Njia ndio haikuwepo.

Hoja yako kubwa ni hiyo, ishike na meno. Ukianza na barafu inayeyuka kule kaskazini ya dunia watu watarudi kwa chungu, si kwamba ni wajinga, ila ni vile barafu hawajawahi kuiona na foleni ya petroli wamelala ndani yake.

Baada ya hapo ingia kwa hesabu, na hesabu ifanye chini kwa kijiti, usifanye kwa simu, simu watu hawaoni. Chukua bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku. Pikipiki zetu hizi tuseme inaenda kilomita 40 kwa lita, hiyo ni lita mbili na nusu. Weka lita moja shilingi 5,000, si kila siku iko hapo lakini ni rahisi kuhesabu, inakuja 12,500 kwa siku. Pikipiki ya umeme hizo kilomita 100 inakula kama yuniti 4 hivi. Weka yuniti moja shilingi 800, kila mtu anajua bei yake ya yaka, ile mita ya kulipa kabla, inakuja 3,200. Hapo kutakuwa na kelele, waache wapige kelele.

Lakini usiishie hapo, hapa ndio vijana wengi wanapigwa bao! Sababu kuna mtu atatokea, mara nyingi ni fundi, atasema na betri je? Na yuko sawa. Kampala wale wa pikipiki za umeme wengi hawachaji nyumbani, wanaenda kituo wanaacha betri iliyoisha wanachukua iliyojaa, na ile pesa wanalipa pale si ya yuniti tu, ndani yake kuna bei ya betri, kodi ya kituo, mshahara wa kijana anayewabadilishia na faida ya mwenye kampuni. Kwa hivyo 3,200 hiyo si bei ya mwendesha boda, ni bei ya stima peke yake. We mwenyewe ndio uiseme kabla fundi hajaisema. Alafu ongeza upande wa petroli vitu ambavyo watu wanasahau, mafuta ya injini, plagi, chujio. Mkimaliza tofauti itakuwa imepungua, na kama bado inabaki pesa ya chakula cha siku umeshinda kihalali, na kama haibaki kwa mtu wa steji yenu basi haibaki, kubali.

Watakuuliza inawezekanaje stima iwe kidogo hivyo, ni uchawi? Hapo usitaje asilimia kwanza. Waambie wakunje suruali. Nani hapa hana alama ya ekzosi kwa mguu? Kwa steji yetu ni kama cheti, kila mtu analo lile doa jeusi ndani ya muundi, mimi ninalo, mwenyekiti anayo mawili. Sasa ule moto uliokuchoma ni petroli uliyoilipia. Haikuendesha gurudumu, ilichoma hewa na mguu wako. Injini ya petroli inatupa kama robo tatu ya nguvu kwa njia ya joto, mota ya umeme inatumia nyingi ya ile inayopewa, kama sehemu nane kwa kumi na kupita. Ndio maana pikipiki ya umeme huwezi kuungua nayo hivyo. Hii ya ekzosi sijawahi kuona inashindwa.

Ikifika hapa sasa, kaa tayari, kuna mtu atasema: "Kwani sisi hatuna mafuta yetu Hoima?" Na hii ndio ngumu, sababu ina moyo ndani yake, mtu anaongea juu ya nchi yake. Usimcheke wala usimwambie mafuta ni laana, atakuchukia na ana haki. Mpe haki yake kwanza. Ndio tunayo, yalithibitishwa 2006 kule bonde la Ziwa Albert, wanasema mapipa bilioni 6.5 ardhini na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Barabara za Hoima zimekuwa lami, watu wamepata kazi, nchi itapata pesa. Sema yote hayo kwa sauti.

Alafu muulize bomba linaenda wapi. Lina kilomita 1,443, linatoka Kabaale Hoima linaenda mpaka Chongoleani, Tanga, na lazima lipashwe joto njia nzima sababu mafuta yetu ni mazito yana nta, yakipoa yanaganda kama samli. Ni ya kwenda hivyo hivyo ghafi, yapande meli. Mtambo wa kusafisha wa kwetu, ule wa mapipa 60,000 kwa siku hapo hapo Kabaale, mkataba wake na kampuni ya Emirati umesainiwa 2025, na mpaka siku uwake, mafuta ya Hoima ni ya kupita kwenda Tanga na ya pikipiki yako ni ya kupita kuja kutoka Mombasa. Yanapishana. Hiyo picha ichore na kijiti chini, mistari miwili, mmoja unaondoka mwingine unaingia, na ukae kimya kidogo.

Ukitaka kumalizia vizuri taja Norway. Wale wanauza mafuta na gesi kuliko sisi tunavyoota, lakini mwaka 2024 karibu magari tisa kwa kumi mapya yaliyouzwa kwao yalikuwa ya umeme, na stima yao ni ya maji kama yetu. Yaani muuza pombe asiyekunywa. Watasema Norway ni matajiri, sawa, wapeleke Ethiopia, Ethiopia si tajiri, na 2024 walikataza kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli sababu dola za kununulia mafuta zilikuwa zinawaisha na wana mabwawa yao. Hapa tena sema ubaya wake mwenyewe mapema, ukitoka nje ya Addis Ababa kituo cha kuchaji ni kazi kukipata. Mfano wenye kasoro unaaminika kuliko mfano mtakatifu.

Ukisema umeme angalia pia neno lenyewe, huku Uganda ukisema Umeme nusu ya watu wanafikiria unataja ile kampuni ya kusambaza stima iliyomaliza mkataba wake Machi 2025 ikaachia UEDCL ya serikali, na mjadala unahama unakuwa wa makampuni. Mi nasema stima, kama majirani zetu wa ng'ambo ya geti.

Hoja itakayokuumiza kweli ni hii: stima yenyewe inakatika. Usibishe. Mtaa wetu transfoma iliwahi kufa tukakaa giza wiki tatu, samaki wa mama jirani wakaoza kwa friji yote, kwa hivyo mi mtu akiniambia stima haikatiki namuona mwongo. Jibu ni vitu viwili vidogo. Moja, kituo cha kubadilisha betri kinakuwa na betri zilizojaa zimekaa zinangoja, stima ikipotea masaa machache kazi inaendelea, lakini ikipotea wiki tatu imeisha hiyo, sema hivyo hivyo. Pili, waulize kama wameshawahi kusimama kwa pampu ya petroli wakati stima imeenda. Ile pampu inavuta kwa stima! Bila jenereta haikupi hata tone. Wengi hawajawahi kuifikiria hii.

Kuna vitu vingine vitatajwa na havihitaji muda mrefu. Joto la ardhini, lipo Katwe na Kibiro, Kenya wanalivuna Olkaria zamani, lakini hilo ni stima ya waya tena, rudi kwa swali letu, ya kazi gani? Mtambo wa nyuklia unaopangwa Buyende, hiyo waachie wajukuu. Pombe ya miwa kwenye petroli, hii sasa ina maana sababu inaingia kwa tangi moja kwa moja, Brazil walianza 1975 baada ya bei ya mafuta kuwapiga 1973, na sisi sheria ya kuchanganya tunayo tangu 2020. Lakini ukiisema mbele ya mtu wa Busoga, kule kwenye mashamba ya miwa, jiandae, atakuuliza miwa imeacha wapi shamba la mahindi, na mi sina jibu zuri la hilo, nikiulizwa nasema sina.

Malori pia usiyadanganye. Lori linalobeba mizigo kutoka Mombasa mpaka Kampala, zaidi ya kilomita elfu moja, si kitu cha kuwaambia watu kesho litakuwa na betri. Hapo jibu ni reli. Serikali ilisaini Oktoba 2024 na Waturuki wa Yapi Merkezi reli ya kilomita 272 kutoka Malaba mpaka Kampala, na ni ya stima, kwa hivyo kama ikikamilika mzigo mwingi upande huu wa Malaba unaacha dizeli bila hata lori moja kubadilishwa injini. Hiyo taja taratibu kama kuna dreva karibu.

Na hapo ndio adabu inaingia. Unapoongea juu ya kupunguza mafuta mbele ya mtu anayelisha watoto kwa kuyabeba, unaongea juu ya karo ya shule. Nilijifunza hivyo kwa yule yule mzee wa tanka. Niliporudi safari ya pili nimejipanga sikumshambulia, nilimsalimia, nikamuuliza, mzee, Januari ile ya 2022 ulikuwa wapi? Akaanza kusimulia. Amelala chini ya lori siku nyingi upande wa Malaba, maji ya kuoga ananunua, chakula wanauziwa mara mbili bei, nyuma yake amebeba maelfu ya lita na mbele yake kilomita chache nchi nzima inalia haina. "Tulikuwa tunaiona Uganda," akasema, "na petroli tunayo, na hatuwezi kuwapa." Hakuna hoja yangu hata moja ilifikia hiyo. Watu walinyamaza, mirija imesimama tu. Kwa hivyo kama kuna mtu wa kazi ya mafuta kwa mkutano usimfanye adui, mfanye shahidi, muulize alichoona.

Usibishane baada ya chungu cha tatu, hiyo nadhani haihitaji maelezo. Mzee akiongea mwache amalize hata kama amekosea mwaka. Na ukishindwa hoja moja ikubali hapo hapo usingoje.

La mwisho ni swali ambalo litakuja tu, na uwe na jibu lake kabla hujatoka nyumbani. Mzee aliniuliza usiku ule tukiwa tunaachana, hesabu yote nimeshaichora pale chini na bomba na kila kitu. "Na wewe mwenyewe, unaendesha nini?"

Nikamwambia petroli, mzee. Kwa njia yangu hakuna kituo cha betri, na mkopo wa hii pikipiki umebaki miezi saba.

Akaangalia ile michoro chini, akaangalia pikipiki yangu. "Haya," akasema, "basi tutaongea vizuri baada ya miezi saba," akanisogezea mrija wake.